Mdomo na Tundu la Boneti: Jinsi Hewa Inavyopooza Injini ya Tabo katika Joto la Pwani ya Lindi

Utangulizi

Mingoyo, kata iliyomo katika Manispaa ya Lindi, ni njia panda. Barabara itokayo Dar es Salaam kupitia Kibiti na Lindi hugawanyika hapo: mkono mmoja huelekea Mtwara, na mwingine huacha pwani na kupanda kuelekea Mtama, Nyangao, Ndanda na Masasi. Miongoni mwa magari yatumikayo katika njia za namna hii zimo pikapu za dizeli zenye tabo. Baadhi yake, mathalani Toyota Hilux ya lita 3.0 D-4D iliyotengenezwa kabla ya mwaka 2015, zina mdomo uliotuna juu ya boneti, nyingine hazina. Dereva ambaye gari lake huchemsha likiwa na mzigo mlimani anaweza kushawishika kumwomba fundi akate boneti ili “injini ipumue”. Makala haya yanachunguza iwapo ushawishi huo una msingi. Hoja yake kuu ni kwamba mdomo na tundu ni vitu viwili vyenye kazi zinazopingana, na kwamba kuvichanganya, au kuviweka mahali pasipofaa, kunaweza kuongeza joto badala ya kulipunguza.

Chanzo cha joto

Tabo huendeshwa na moshi wa injini, nayo hugandamiza hewa kabla haijaingia katika silinda. Hewa ikigandamizwa hupata joto. Tuchukue hewa ya nyuzi 32 za Selsiasi, jotoridi la kawaida la mchana wa pwani, ikigandamizwa hadi mara mbili ya kanieneo yake. Kwa kigandamizi chenye ufanisi wa asilimia 70, hesabu inaonesha kuwa hewa hiyo hutoka ikiwa na takribani nyuzi 128. Hewa ya moto ni nyepesi: hubeba oksijeni kidogo katika ujazo uleule. Katika injini ya petroli huchochea mlipuko wa kabla ya wakati, ambao mafundi huutambua kwa mlio wa kugonga. Katika dizeli huleta moshi mweusi na kuzidisha joto la ekzosi.

Intakula huwekwa baina ya tabo na injini ili kuondoa joto hilo. Ikiishusha hewa kutoka nyuzi 128 hadi 60, densiti yake huongezeka kwa takribani asilimia 20, endapo upotevu wa kanieneo ndani ya intakula hautahesabiwa. Hivyo basi, kuna mizigo miwili ya joto chini ya boneti: joto la hewa iingiayo katika silinda, ambalo ni kazi ya intakula, na joto la injini yenyewe, ambalo ni kazi ya rejeta. Mdomo huhudumia mzigo wa kwanza. Tundu huhudumia wa pili.

Kazi ya mdomo

Katika Hilux iliyotajwa, intakula imelazwa juu ya injini, na mdomo wa boneti huielekezea upepo wa mwendo. Nguvu ya upepo huo hutegemea kipeo cha pili cha mwendo. Kwa kilomita 80 kwa saa, kanieneo ya upepo ni takribani paskali 286; kwa kilomita 20 kwa saa ni takribani paskali 18 tu, yaani sehemu moja ya kumi na sita. Kwa sababu hiyo, gari linalopanda taratibu likiwa na shehena hupata msaada mdogo sana wa mdomo wakati linapouhitaji zaidi. Likisimama, intakula iliyo juu ya injini hupashwa moto kutoka chini.

Jambo la pili ni mpira wa kuziba uliopo baina ya boneti na intakula. Mpira huo ukichakaa au ukiondolewa, hewa hupita pembeni badala ya kupenya katika mapezi ya intakula. Hasara haiishii hapo. Rejeta hupitisha hewa kwa sababu kanieneo ya mbele yake ni kubwa kuliko ya nyuma yake. Hewa inayomwagwa ovyo chini ya boneti hupandisha kanieneo ya nyuma, na rejeta hupungukiwa na mtiririko. Mdomo uliokatwa katika gari lisilo na intakula chini yake unaweza kuleta madhara hayohayo.

Kazi ya tundu

Tundu halivuti hewa ndani, huitoa nje. Ili lifanye kazi, kanieneo iliyo juu yake sharti iwe ndogo kuliko iliyo chini ya boneti. Hewa inapopinda kupanda juu ya ukingo wa mbele wa boneti, huongeza kasi na kanieneo yake hushuka. Eneo lililo nyuma kidogo ya ukingo huo, karibu na rejeta, ndilo linalofaa. Kinyume chake, mbele ya kioo hewa hujikusanya na kanieneo hupanda. Tundu likikatwa hapo, gari likiwa katika mwendo hewa inaweza kuingia badala ya kutoka. Hata hivyo, gari likisimama tundu lolote la juu husaidia, kwa kuwa hewa ya moto hupanda yenyewe.

Historia ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, inatoa mifano ya njia zote mbili. Lancia Delta Integrale, iliyompa Miki Biasion ushindi mwaka 1988 na 1989, ilikuwa na matundu ya kutolea joto kwenye boneti. Subaru Impreza yenye tabo iliyokuwa ikiuzwa kwa matumizi ya kawaida, ambayo ni ndugu wa gari alilolishindia Colin McRae mwaka 1997, inajulikana kwa mdomo unaolisha intakula iliyo juu ya injini.

Kupima kabla ya kukata

Tofauti ya kanieneo inaweza kupimwa kwa mpira mwembamba unaoonesha ndani, uliopindwa kwa umbo la U na kutiwa maji yenye rangi. Ncha moja hubandikwa juu ya boneti mahali panapokusudiwa kukatwa, nyingine huwekwa chini yake, na abiria husoma maji gari likienda. Paskali 286 ni sawa na takribani milimita 29 za maji, kiasi kinachoonekana kwa macho. Maji yakivutwa kuelekea ncha ya juu, mahali hapo panafaa tundu. Yakisukumwa kuelekea ncha ya chini, hapafai.

Hitimisho

Gari linalochemsha mlimani huanza kuchunguzwa katika rejeta, feni, kidhibiti joto na maji, si katika boneti. Mdomo una manufaa pale tu penye intakula chini yake na mpira mzima wa kuziba. Tundu lina manufaa pale tu kanieneo ya juu inapokuwa ndogo. Bila masharti hayo, dereva aliyekata boneti atakuwa ameifungulia mvua na vumbi njia ya kuingia, huku sababu ya joto ikibaki palepale, na gasketi ya silinda hedi ikisubiri kuungua kwenye mlima unaofuata.