Fahamu: Kwa nini uvumi wa DC kuanza upya huwashtua mashabiki
Kila unapovuma uvumi kwamba DC, kampuni ya majarida ya katuni, itaufumua upya ulimwengu wa Superman na Batman, mashabiki huingiwa na hofu, na hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2011 kampuni hiyo ilianza upya hadithi zake kwa majarida 52. Mauzo yalipanda, lakini ndoa ya Superman na Lois Lane ikafutwa. Kuanzia 2016 ikawa inarudisha mengi iliyoyatupa (katika hadithi hizo hata wafu hufufuka, seuze ndoa). Watetezi husema msomaji mgeni hawezi kubeba historia iliyoanza 1938. Kweli, ila kumfungulia mlango hakuhitaji kubomoa nyumba: jarida la Absolute Batman la 2024 liliwekwa katika ulimwengu wa pembeni, likauzwa sana, huku Batman wa zamani akiendelea katika majarida yake.