Kuhama toka Lubumbashi mpaka Kolwezi: hesabu mbele, kamyo nyuma

Ndani ya nyumba moja ya Katuba, huku Lubumbashi, tulionyeshwa kayé ya masomo yenye kurasa mbili za hesabu. Ukurasa wa kwanza una mistari mitatu tu: kamyo dola 250, bus ya watu watano dola 75, garanti ya nyumba dola 300. Jumla 625. Ukurasa wa pili una mistari kumi, na chini yake wameandika 1,180. Kati ya kurasa hizo mbili kulipita usiku mumoja wa mabishano kati ya baba na mama wa nyumba.

Baba alikuwa amepata kazi Kolwezi, kwa kampuni ndogo inayofanya kazi ndani ya mine ya kampuni kubwa. Mushahara: dola 450. Alitaka kuhama na watu wote juma lile lile. Ile 625 hakuwa nayo. Angeikopa kwa mutu wa mtaa anayedai nusu ya feza zaidi kila mwisho wa mwezi. Mama akachukua bic, akahesabu: faida peke yake ni dola 312 kwa mwezi, na deni lenyewe linabakia pale pale.

"Nilimuambia: Baba, hii mushahara hautaikula weye, wala batoto. Atakula ule mwenye kukukopesha," Mama alituambia.

Tumeandika habari yao kwa sababu inafanana na ya wasomaji wetu wengi. Wazee wetu walihama kwa njia ingine. Wakati wa Union Minière, na kisha wakati wa Gécamines, mufanyakazi akitumwa Likasi ao Kolwezi, kampuni njo ilitafuta usafiri, na kule alikuta nyumba ya kambi, hopitali, masomo ya watoto na posho ya unga. Maisha yale yalianguka polepole, na katika miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango wa kuacha kazi kwa mapenzi. Leo wengi wetu tunaajiriwa na makampuni madogo madogo, na kuhama kumekuwa mzigo wa nyumba.

Lakini si mzigo wote. Sheria ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002 inasema kwamba safari ya mufanyakazi, ya bibi yake na ya watoto wake, pamoja na mizigo yao, toka mahali alipoajiriwa mpaka mahali pa kazi, iko juu ya mwenye kuajiri. Tena mwenye kuajiri anapaswa kutoa nyumba ao feza ya nyumba. Ndugu mufanyakazi, soma vizuri ile neno "mahali alipoajiriwa". Baba wa Katuba aliitwa kutia sahihi Kolwezi, na barua yake ikaandikwa kwamba ameajiriwa Kolwezi. Alipouliza feza ya kamyo, kule biro walimujibu: "Weye ni mutu wa hapa." Kwa hiyo, mbele ya kutia sahihi, uliza mambo mawili: kontra inasema uliajiriwa wapi, na feza ya nyumba iko ndani ya mushahara ao iko pembeni? Jibu la mudomo halitoshi. Liandikwe.

Jambo la pili ni esé. Sheria inaruhusu mwezi mumoja wa esé kwa mufanyakazi asiye na ufundi, na mpaka miezi sita kwa wengine. Wakati wa esé kazi inaweza kwisha haraka sana. Mutu aliyebeba kitanda, frigo na watoto watatu mpaka Kolwezi, kisha esé ikakatika, atarudi na nini? Baba alipewa esé ya miezi mitatu. Njo hapo usiku ule wa mabishano ulipata jibu: Baba atangulie peke yake mwezi wa 4, na familia ifuate katikati ya mwezi wa 7, kama kontra imesimama.

Tarehe hiyo ilikuwa na faida zingine. Mutoto wa pili alikuwa darasa la sita la primeri, na mutihani wa kumaliza ulikuwa karibu. Mutoto mwenye kungojea mutihani, zaidi sana finaliste wa sekonderi, ameandikishwa na masomo yake ya sasa, na kumutoa katikati ya mwaka ni kumuharibia mwaka. Tena mwezi wa 7 ni wakati wa kiangazi. Mvua yetu inaanza kukaza mwezi wa 11 na kuendelea mpaka mwezi wa 4, na matela iliyolowana juu ya kamyo haiponi. Paka baridi njo inasumbua: Kolwezi iko juu kuliko Lubumbashi, na mwezi wa 6 na wa 7 usiku unauma. Mama alifunga mablanketi mwisho, juu ya mizigo yote, ili yatoke ya kwanza.

Turudi kwa ile kayé. Mistari mitatu ya kwanza ilikuwa kweli, lakini ilisahau mambo saba. Komisioneri wa nyumba: dola 50. Vijana wa kupakia huku na kupakua kule: 40. Chakula cha njiani: 15. Masomo na iniforme: 90. Kufuli, balbu na kutengeneza mulango: 30. Chakula cha kungojea mushahara wa kwanza, siku 45 kwa dola 5: ni 225, na mustari huu njo unaangusha watu wengi. Mwisho, feza ya matatizo, karibu sehemu moja ya kumi: 105. Pamoja na ile 625, ni 1,180.

Bei hizi ni za nyumba ile moja. Wewe andika zako, lakini usifute mustari hata mumoja.

Sasa tuangalie vile walifanya bila kukopa. Kolwezi, Baba aliingia chumba kimoja na mwenzake wa kazi, akatoa dola 30 kwa mwezi. Chakula cha saa sita kilitoka kwa kampuni, kwa hiyo dola 30 zingine zilimutosha kwa chakula cha mangaribi. Alituma 170 nyumbani kwa simu. Zikabakia 220. Kwa miezi mitatu ni 660.

Mama naye alikuwa ndani ya likelemba ya wamama wa soko. Aliomba zamu yake isogezwe mpaka mwezi wa 6, akapata 200. Kabati kubwa na meza nzito waliziuza 150, kwa sababu nafasi ya vitu vile ndani ya kamyo ilikuwa bei kuliko vitu vyenyewe. Jumla ya feza yote: 1,010.

Upande wa nyumba ya Katuba, walipeleka barua kwa mwenye nyumba katikati ya mwezi wa 4, miezi mitatu mbele ya kutoka, na wakaelewana kwa maandiko kwamba watakula garanti yao. Ile miezi mitatu hawakulipa kitu, na hawakuondoka wakiacha feza nyuma. Walilipa deni la maji na la umeme, wakachukua karatasi ya kila moja.

Kutafuta nyumba Kolwezi ilikuwa kazi ngumu zaidi. Bei za nyumba kule zimepanda kwa sababu makampuni ni mengi, na tangu mwaka 2015 muji umekuwa makao makuu ya jimbo la Lualaba. Baba alitumia siku zake za kupumzika kutembea Manika na Dilala kwa miguu. Nyumba ya kwanza ilikuwa muzuri, lakini mwenyewe aliomba garanti ya miezi sita. Sheria ya mwisho wa mwaka 2015 juu ya nyumba za kupanga inasema garanti ya nyumba ya kulala isipite miezi mitatu. Baba alitaja sheria. Mwenye nyumba alicheka. "Sikubishana naye," Baba alisema. "Niliendelea kutafuta. Kule ningelipa 600 mbele ya kupika hata bukari moya."

Nyumba ya tano ilikuwa ya dola 100 kwa mwezi, garanti miezi mitatu. Mbele ya kutoa feza, aliuliza majirani kama yule anayepangisha njo mwenye nyumba kweli, na maji yanatoka saa ngapi. Kontra iliandikwa, na Baba akajitambulisha kwa biro ya kartié. Komisioneri alilipwa mwisho, ufunguo ukiwa mukononi.

Na kamyo? Makamyo mengi yanashuka toka Kolwezi na mizigo ya shaba na kobalti, kisha yanarudi kule, na mengine yanabakia na nafasi. Kwa kuuliza wiki mbili mbele, na kuungana na familia ingine, walilipa 130 pahali pa 250. Waliandika vitu vyote juu ya karatasi, vitu 41, na dereva akatia sahihi. Mutoto wa ndugu yao alisafiri juu ya kamyo pamoja na mizigo. Mama na watoto walichukua bus. Karatasi za masomo, karatasi za kuzaliwa, karte za chanjo na karte ya elekteri hazikuingia ndani ya kamyo: zilikuwa ndani ya kifuko shingoni mwa Mama. Feza yenyewe ilikuwa imekwisha kutumwa kwa simu.

Ni kilometa karibu 300: 120 mpaka Likasi, kisha Fungurume, kisha unavuka muto Lualaba na kuingia Kolwezi. Barabara ni ya lami na ina péage, na inajaa makamyo mazito. Dereva aliomba feza ingine kwa péage. Baba akamuonyesha karatasi ya mapatano: péage iko ndani ya 130. Bus ilifika mbele ya jua kushuka. Kamyo ilifika usiku sana, na vitu vilikuwa 40. Mbabula ilipotea. Asubuhi Mama alinunua ingine kwa feza ya matatizo.

Tulihesabu pamoja nao mwishoni. Garanti 300, komisioneri 50, kamyo 130, vijana wa mizigo 40, bus ya watu wanne 60, chakula cha njiani 15, masomo na iniforme 90, kufuli na matengenezo 30, chakula cha siku 15 tu, kwa sababu mushahara ulikuwa karibu, 75. Ni 790. Na feza ya matatizo 80: ni 870. Kwa ile 1,010, ilibakia 140.

Hapo walibishana tena. Baba alitaka kununua televizyo. Mama alikumbusha kwamba Katuba alikuwa na meza yake sokoni na watu wa kununua waliomujua kwa jina, na kuhama kumemunyanganya vyote. Tunaona wamama wengi wanahesabiwa ndani ya mizigo: kazi yao haina mustari ndani ya kayé. Kama mama alikuwa analeta feza kila siku, nyumba inapoteza mushahara wa pili siku ile kamyo inaondoka. Andikeni mustari huo mapema, karibu na ule wa garanti.

Mwezi wa 8 tulipita kuwasalimia. Televizyo haiko. Mbele ya mulango kulikuwa meza, samaki ya kukauka, mafuta kwa vikombe vidogo, na makala kwa mafungu. Watoto wawili wameandikishwa sekonderi. Wa mwisho yuko primeri ya serikali, na hapo hawalipi masomo tangu mwaka 2019. Baba alikuwa amelala, juu ya kazi ya usiku.

Mama alitutafutia kiti, akatufungulia ile kayé. Kuna ukurasa wa tatu sasa. "Huu ni wa kurudi," alisema. "Kontra ni ya mwaka mumoya. Kila mwezi minaweka 20. Kama banamuongezea kazi, tutafanya nayo kitu kingine. Kama banamukatisha, kamyo iko tayari."