Chevda ya Diwali: Kitafunio kinachotaka mikono ya jamaa wote

KATI ya Oktoba na Novemba kila mwaka, siku chache kabla ya usiku usio na mwezi ambao Wahindu huuadhimisha kwa taa na fataki, harufu ya mafuta moto, manjano na haradali hutanda katika nyumba nyingi za Parklands jijini Nairobi, za Mombasa na za Kisumu. Ni msimu wa Diwali, na ndio msimu wa kukaanga chevda.

Kwa Wakenya walio wengi, chevda ni kile kitafunio cha rangi ya manjano kinachouzwa madukani katika vipakiti: njugu, vijiti vya viazi na tambi kavu, chumvi, pilipili na utamu kwa mbali. Hununuliwa, huliwa ndani ya matatu, kisha safari ikaendelea. Wachache wanafahamu kwamba katika jamii iliyokileta humu nchini, kitafunio hicho hakikuwa bidhaa ya dukani bali kazi ya siku nzima, pengine mbili, iliyofanywa na jamaa wote kwa pamoja. Kazi hiyo sasa inazidi kuachiwa viwanda, na ujuzi wake unabaki kwa wazee.

Aghalabu husemwa kwamba Wakenya wenye asili ya Kihindi ni wazao wa vibarua wa reli. Hilo ni kweli kwa sehemu tu. Kati ya vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya 1896 na 1901, wengi walirejea kwao kazi ilipokwisha. Wenye maduka waliosambaa hadi vituo vidogo vya bara walitoka hasa Gujarat na Kutch, magharibi mwa India, ambako mabaharia na wafanyabiashara walikuwa wakivuka bahari kuja pwani yetu kwa karne nyingi. Hao ndio waliokuja na chevda.

Jikoni mwao mmetoka mengi ambayo Mkenya hayaoni tena kuwa mageni. Chapati ni mojawapo. Hata karai, chombo ambacho hakikosekani kwa muuza mandazi yeyote, jina lake limetoka huko. Serikali ilipowatambua Wakenya wa asili ya Kiasia kuwa kabila la 44 mnamo Julai 2017, vyakula vyao vilikuwa vimekwisha kutambuliwa kitambo na matumbo ya majirani.

Kwa nini chevda, na kwa nini Diwali? Kwa Wagujarati, mwaka mpya huingia mara baada ya Diwali. Siku hiyo watu huvaa nguo mpya, husalimiana kwa maneno “Saal Mubarak”, na hutembeleana nyumba hadi nyumba tangu asubuhi. Mgeni haruhusiwi kuondoka bila kuonja kitu. Nyumba inayotazamia wageni 50 au 100 haiwezi kupika upya kila mlango unapobishwa. Inahitaji chakula kilichokwisha kuandaliwa na kisichoharibika. Desturi hii haiwahusu Wahindu peke yao. Waislamu wenye asili ya Gujarat, wakiwemo Waismailia na Mabohora, nao huandaa chevda, na sinia ya Idd katika nyumba zao huwa nayo.

Chevda haiharibiki upesi kwa sababu moja: haina maji. Ukiielewa sababu hiyo, umeelewa mapishi yote.

Kila kiungo kinachoingia katika mchanganyiko huo kina kiasi chake cha maji, na kila kimoja huyapoteza kwa muda wake. Kiazi kibichi ni maji kwa karibu asilimia 80. Njugu iliyokauka ina maji kidogo mno. Kwa hivyo, anayetia vyote katika karai moja kwa wakati mmoja atapata njugu zilizoungua na viazi vilivyolegea. Kila kitu lazima kikaangwe peke yake, kichujwe peke yake na kipoe peke yake, ndipo vyote vikutanishwe. Hapa ndipo mikono mingi inapohitajika. Mmoja anakata, mwingine anakausha, wa tatu yuko karaini, wa nne anatandaza karatasi za kunyonya mafuta, na watoto wanachambua njugu. Mtu mmoja anaweza kuifanya kazi hii peke yake, lakini atalala hoi.

Viazi ndivyo vinavyotaka subira zaidi. Huko India chevda iliyozoeleka hutengenezwa kwa pauwa, yaani mchele uliolowekwa ukiwa na makapi, ukachomwa na kupondwa hadi ukawa bapa. Anayeijua pepeta ya pwani hataiona kuwa kitu kigeni kabisa. Chevda ya viazi ipo huko pia, na huliwa hata katika siku za mfungo ambazo nafaka haziguswi. Lakini hapa Kenya, nchi yenye viazi vizuri vya nyanda za juu, ya viazi ilipata umaarufu wa pekee. Waasia walioondoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, na wale waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka wa 1972, walikwenda na mapishi yao hadi London na Leicester.

Si kila kiazi kinafaa. Shangi, ambacho kimejaa sokoni, ni kizuri kwa mchuzi na kwa chipsi. Kwa chevda, kama ilivyo kwa krispi, hutafutwa kiazi chenye maji machache na wanga mwingi. Dutch Robyn, kinacholimwa sana Bomet, ndicho wenye viwanda vya krispi wamekitegemea kwa miaka mingi. Kiazi hukatwa vijiti vyembamba kama njiti za kiberiti, huoshwa mara kadhaa hadi maji yasiwe meupe, kisha hukaushwa kwa kitambaa safi. Maji hayo meupe ni wanga. Ukiachwa, vijiti hugandana na kugeuka rangi kabla ya kukauka.

Mafuta yakiwa na joto la kama nyuzi 170 au 180 za Selisiasi, viazi hutiwa kidogo kidogo. Vikitiwa vingi mno, mafuta hupoa na viazi huyanywa badala ya kukaangika. Mapovu yanayofoka ni maji ya kiazi yakigeuka mvuke, na mpishi mzoefu hatazami saa, anatazama mapovu. Yakipungua na mafuta yakatulia, maji yamekwisha, na hapo viazi hutolewa mara moja. Rangi inayotakiwa ni ya dhahabu. Tangu wanasayansi wa Sweden walipotangaza mwaka wa 2002 kwamba vyakula vya wanga vinavyokaangwa hadi kuwa kahawia huwa na kemikali iitwayo akrilamidi, inayoshukiwa kusababisha kansa, ushauri wa wataalamu umekuwa kutokaanga viazi hadi viwe vyeusi, na kutohifadhi ndani ya friji viazi vinavyokusudiwa kukaangwa, kwani baridi huviongezea sukari.

Baada ya viazi huja sev, tambi nyembamba za unga wa dengu. Msomaji wa bara asichanganye: dengu hizi si zile ndengu za kijani za Ukambani, bali ndizo ambazo unga wake hutengenezewa bajia. Unga hukandwa kwa maji, chumvi, manjano na mafuta kidogo, hutiwa ndani ya kikamulio kiitwacho sancho, na kukamuliwa moja kwa moja juu ya karai kwa kuzungushwa. Katika nyumba nyingi sancho ya shaba ni urithi wa bibi. Pauwa, ikitumiwa, huvimba kwa sekunde chache tu na hutolewa papo hapo. Korosho na zabibu kavu humaliziwa mwishoni, wala hazina taabu.

Njugu zina taabu ya namna nyingine, na hapa haifai kufanya mzaha. Ukungu unaotoa sumu ya aflatoksini huzipenda njugu kama unavyopenda mahindi. Kenya haijasahau mwaka wa 2004, ambapo watu 125 walifariki, wengi wao katika maeneo ya Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Joto la karai haliiondoi sumu hiyo kwa kiasi cha kutegemewa. Kinga iliyo mikononi mwa mpishi ni kununua njugu kavu zilizohifadhiwa vizuri, kisha kuzichambua moja moja na kutupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye dalili yoyote ya ukungu. Kazi ya kuchambua ambayo watoto hupewa ili wasikaribie moto ni muhimu kuliko wanavyodhani. Njugu zenyewe hutolewa karaini zikiwa bado hazijafikia rangi inayotakiwa, kwa kuwa huendelea kuiva kwa joto lililobaki ndani yake. Watoto wadogo sana wasipewe njugu nzima, zinaweza kuwakaba.

Kuhusu moto, tahadhari ni moja: mafuta yakiwaka, yasimwagiwe maji kamwe. Jiko lizimwe na karai ifunikwe kwa kifuniko.

Viungo vya harufu huja mwishoni. Mafuta kidogo hutiwa kwenye sufuria pana, zikafuata mbegu za haradali hadi zipasuke, pilipili, ufuta, mvuje kidogo, na yale majani ya mchuzi ambayo Wagujarati huyaita limdo. Majani hayo yakiwa na maji hurusha mafuta, hivyo hukaushwa mapema. Manjano hutiwa humo humo kwa kuwa rangi yake huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Kisha vyote hukutanishwa na kupinduliwa polepole. Chumvi laini hunyunyizwa kungali na uvuguvugu ili ishike. Sukari iliyosagwa husubiri hadi joto lishuke, la sivyo itayeyuka na kuugeuza mchanganyiko kuwa mabonge.

Hakuna vipimo vilivyoandikwa. Mkono wa Ba, kama bibi anavyoitwa katika nyumba nyingi za Kigujarati, ndio mizani, na kila ukoo huapa kwamba wa kwao ndio sahihi. Ndiyo maana ujuzi huu hupotea kwa urahisi. Vijana wanaishi katika fleti zenye jiko dogo, wengine wako ng'ambo, bei ya mafuta ya kupikia imepanda, na maduka ya vitafunio yanauza chevda nzuri kwa kilo. Hawana lawama. Lakini anayenunua hajui njugu zilichambuliwa na nani, wala mafuta yale yametumika mara ngapi. Katika nyumba kadhaa, anayejua vizuri zaidi siku hizi si binti wala mkaza mwana bali mpishi Mwafrika aliyesimama kando ya Ba kwa miaka 20, na ambaye hukaanga chevda yake mwenyewe nyumbani kwake Krismasi inapofika.

Iliyokwisha kupoa kabisa hutiwa katika makopo ya chuma yenye vifuniko vinavyobana. Ikifunikwa ingali na joto, mvuke hugeuka maji ndani ya kopo na kazi ya siku nzima ikalegea usiku mmoja. Mwanga na hewa huyafanya mafuta yaanze kunuka, kwa hivyo kopo huwekwa gizani na hufunguliwa kwa haja tu. Ikitunzwa hivyo hudumu wiki tatu au nne. Chembechembe zinazobaki chini hazitupwi: huchanganywa na kitunguu, nyanya, giligilani na ndimu, zikaliwa papo hapo kabla hazijalowa.