Haki ya Mgeni na Haki ya Mwenyeji Ufukoni mwa Ziwa Nyasa

Katika mafungu manane ya watu wanaostahiki Zaka, yaliyotajwa katika Surat At-Tawba, fungu la mwisho ni la msafiri aliyekatikiwa njiani. Kwa hiyo msafiri katika dini yetu si mtu wa kuhurumiwa tu, bali ni mwenye haki. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba ukarimu kwa mgeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Wazee wetu nao walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini siku hizi yuko msafiri wa namna nyingine, asiyepungukiwa na kitu. Mfukoni ana fedha, na safari yake ni ya kutazama. Yatupasa tuulize: huyu naye ana haki gani kwetu, na sisi tuna haki gani kwake?

Twauliza haya sisi tukaao Kyela, kwani swali limekwisha tufikia mlangoni. Nchi yetu ni ya mpunga, migomba na kakao. Huko Matema, pale Milima ya Livingstone ishukapo ghafla majini, wageni huja kuogelea, kupanda mitumbwi, na kununua vyungu vya Wakisi. Ziwa hili ni la pili kwa kina katika Afrika, baada ya Tanganyika, na lina mamia ya aina za samaki zisizopatikana penginepo duniani. Basi si ajabu kwamba watu hulifuata kutoka mbali.

Wala wageni si jambo jipya hapa. Mwaka 1879 alifika Mskoti mmoja kijana, Joseph Thomson, naye akaisifu sana nchi ya Wanyakyusa katika kitabu chake. Aghalabu watu humtaja yeye na kumsahau mnyapara wa msafara wake, Chuma, Myao ambaye miaka michache kabla yake alikuwa miongoni mwa waliouchukua mwili wa Livingstone mpaka Bagamoyo. Pasipo mtu kama Chuma, ajuaye lugha za watu na adabu zao, mgeni hupita katika nchi kama kipofu.

Lakini si kila mgeni aliyekuja alikuja kwa heri. Ng'ambo ya mto Songwe, huko Karonga, mwaka 1887 Mlozi na wafuasi wake, wafanya biashara ya pembe na watumwa, waliwashambulia Wangonde, ambao ni ndugu wa Wanyakyusa, wakaua na kuteka. Vita hivyo havikuisha mpaka mwaka 1895. Haifai kulificha jambo hili kwa kuwa watu hao walihesabiwa kuwa Waislamu. Dhuluma ni dhuluma, hata akiitenda mwenye kilemba. Twalitaja ili tujue kwamba mwenyeji ana kumbukumbu, na kwamba sisi Waislamu wa huku, ambao ni wachache, twatazamwa kwa vitendo vyetu kabla ya maneno yetu.

Kisha wakaja wageni waliokaa na kusikiliza. Kati ya mwaka 1934 na 1938 Godfrey Wilson na mkewe Monica waliishi na Wanyakyusa, wakajifunza lugha na mila. Kitabu alichokitoa bibi huyo mwaka 1951 kilieleza namna watu wa rika moja walivyojenga kijiji chao pamoja, wakala pamoja na kufurahia mazungumzo mema, jambo ambalo Wanyakyusa huliita ukwangala. Hapa pana somo: mgeni aliyekaa muda mrefu akauliza kwa adabu aliuona moyo wa watu, ilhali apitaye mbio huona nyuso tu.

Katika historia ya pwani yetu kuna mfano mzuri zaidi. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mnamo mwaka 1331, alieleza kwamba jahazi likitia nanga vijana huliendea kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula, na kila mfanya biashara huwa mgeni wa mtu maalumu, naye mwenyeji huyo ndiye amuuziaye na kumnunulia mali yake. Yeye mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, alipelekwa kwa kadhi, akalishwa wali wa samli na ndizi. Tazameni hekima yake: biashara ilikuwapo, faida ilikuwapo, lakini vilipita chini ya dhamana ya mtu mmoja anayejulikana.

Leo dhamana hiyo imelegea, kwani wasafiri ni wengi. Mwaka 1950 waliovuka mipaka ya nchi kwa utalii duniani walikadiriwa kuwa milioni 25. Mwaka 2024 walikuwa kiasi cha bilioni 1.4, na katika hao zaidi ya milioni 2 walikuja Tanzania. Wanaofika kwetu bado ni wachache, na kwa sababu hiyo twaandika sasa. Desturi njema huwekwa mapema, kabla mbaya haijaota mizizi.

Nayo mbaya imekwisha anza kuchungulia. Tumeona watoto wa chuo wakiacha mbao zao na kumkimbilia mgeni kuomba sarafu. Mtoto aliyezoea kunyoosha mkono akiwa na miaka saba, hatapenda kushika jembe wala kalamu akiwa na ishirini. Tumeona pia mama aliyekuwa akioga na kufua ziwani akipigwa picha bila ya kuulizwa. Mgeni amelipia kitanda, chakula na mtumbwi; sitara ya mtu haikuwa katika bei.

Basi haki ya mgeni ni hii: aambiwe bei ya kweli, mali yake iwe amana, aelekezwe njia, wala asicheke mtu mavazi yake na usemi wake, bali aelezwe kwa upole palipo na mwiko. Na haki ya mwenyeji ni hii: aombwe ruhusa kabla ya picha, astahiwe katika ibada na mavazi, na kazi ya mikono yake ilipwe thamani yake. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe hufinyanga vyungu kwa mikono mitupu, wakavisafirisha kwa mitumbwi. Anayepunguza bei mpaka mama arudi bila ya unga, amenunua chungu na jasho pamoja.

Enyi wazazi, wafundisheni watoto salamu kabla ya kuwafundisha bei. Mtoto amsalimiaye mgeni kisha akaenda zake chuoni, huyo amekwisha mkirimu. Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenyeji wema leo, na wageni wema siku tutakapokuwa safarini. Amin.