Je, Wajua? Kutaja Namba Si Kujua Idadi

Mtoto wa miaka 2 na nusu anaweza kutaja moja hadi kumi bila kukosea, lakini ukimwomba vizibo vitatu anakujazia kiganja. Mwanasaikolojia Karen Wynn alilieleza jambo hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990. Kwanza mtoto huelewa "moja" tu. Miezi kadhaa baadaye "mbili", kisha "tatu". Namba nyingine anazitaja, ila akilini hazijashikana na idadi maalumu. Halafu, akikaribia miaka 4, hupiga hatua ya ajabu kweli: anang'amua kwamba neno la mwisho la kuhesabu ndilo idadi ya vitu vyote. Mzazi, usiridhike na wimbo wa namba. Mwagize mwanao akuletee vijiko viwili.