Siku ya posho ya mtoto anayesoma Ulaya

Jioni ya siku ya Mungu, rezo ikirudi hapa Wamaza, telefone zinaanza kulia. Mara hii ilileta foto ya binti wa mwenzetu mmoja wa shimo. Anasoma Ubelgiji, mambo ya mawe na madini. Kwenye foto amesimama chini ya mnara wa Eiffel, Paris, pamoja na wenzake, amevaa koti kubwa, anacheka. Foto ikapita mkono kwa mkono mpaka kwenye mashimo. Kesho yake maneno yakaanza: "Siye tunaamuka saa kumi ya usiku tunapiga jiwe, yeye iko anatembea na feza yetu!"

Hasira hiyo tunaielewa. Yule binti hakutumwa na baba yake peke yake. Likelemba ya shimo zima ilimsaidia: tiketi ya ndege, minervali, na feza ya kuonyesha kwamba kuna mtu wa kumtunza. Kuna mwenye aliacha kununua mabati ya nyumba yake. Baba akaja kwetu wa sendika, kichwa chini, akisema atakata feza ya nyumba ya mtoto mpaka ajieleze. Tulikaa naye, na mama yake, na wenzake wa shimo. Tunaandika hapa yale tuliyoongea, kwa sababu wazazi wengine wa Kasongo na Kabambare wako na watoto mbali, na foto kama hii itawafikia nao siku moja.

Kwanza tulihesabu saa. Kule masomo yanapimwa kwa kredi. Mwaka mzima ni kredi 60, na katika vyuo vya Ubelgiji vya Kifaransa kredi moja inahesabiwa kuwa saa 30 za kazi: kukaa kalasini, kufanya labo, na kusoma peke yake. 60 mara 30 ni saa 1.800. Ukizigawanya kwa majuma 40, unapata saa 45 kila juma. Ongeza kazi ya mikono. Sheria ya kule inamruhusu mwanafunzi mgeni kufanya kazi saa 20 kwa juma wakati masomo yanaendelea, na wengi wanafagia maofisi ao wanaosha sahani ili wapate chakula. Hapo tumefika saa 65. Watu wa shimo wakanyamaza, kwa sababu saa 65 wanazijua.

Juma lina saa 168. Akilala saa 8 kila usiku, 56 zimekwenda. Zinabaki 47 za kupika, kufua, kuvuka mji, kusali na kupumua. Kutembea kunaingia ndani ya hizo 47. Kwa hiyo mzazi aulize hivi: zile 45 za masomo zilitimia?

Babu zetu waliofanya kazi kwa makampani ya wazungu walituachia jina la siku ya sita: siku ya posho. Siku hiyo mfanyakazi alipokea chakula chake cha juma. Posho ilikuja kisha kazi. Mtoto aliye Ulaya naye ana haki ya posho yake. Lakini yule anayeanza kuila tangu siku ya tatu, huyo ndiye wa kuonywa.

Tujue pia namna maisha ya kule yanavyokwenda. Siku ya tano jioni wanafunzi Wabelgiji wanavuta valizi zao, wanarudi kwa wazazi. Mji wa masomo kama Louvain-la-Neuve unabaki karibu mtupu. Wa kwetu hana mama wa kumrudia kwa treni. Anabaki na kuta nne za chumba chake, kile wanachokiita kot, na mwezi wa 11 giza linaingia mapema sana. Wenzake wakisema "twende Paris", kukataa ni vigumu. Kutoka Bruxelles treni ya mbio inafika kwa saa moja na nusu hivi. Bisi inachelewa zaidi, lakini bei yake ni ndogo. Siye tunaosukuma moto kwenye matope tukienda Kasongo, tunaona Paris iko mbali kama mwezi. Kwake yeye ni safari ya siku moja.

Hata hivyo kuna mambo matatu ambayo tulimwambia baba amkumbushe mtoto bila kumfokea.

La kwanza ni kalenda. Mwezi wa 12 na wa 5 wanafunzi wanajifungia kusoma, wanaita blocus. Mitihani ni mwezi wa 1 na wa 6, na ya kurudilia mwezi wa 8. Majuma hayo hakuna Paris. Tena ofisi ya wageni inaangalia kredi mbele ya kumpa kadi mpya ya kukaa. Akipungukiwa sana anaweza kukataliwa, arudi bila diplome, na jasho la shimo zima liwe limekwisha bure.

La pili ni karatasi. Kadi ya Ubelgiji inamruhusu kutembea Ufaransa, Ujerumani ao Uholanzi bila viza, siku zisizopita 90 katika kila siku 180, akibeba kadi na pasipoti. Uingereza hapana, viza yake ni nyingine. Na kama kadi bado inatengenezwa, akae kwanza.

La tatu ni feza. Safari itoke kwa zile saa 20 za mikono yake. Minervali isiguswe.

Kisha tukamuomba safari moja kwa ajili yetu. Karibu na Charleroi, kama saa moja kwa treni kutoka Bruxelles, kuna mgodi wa zamani wa makaa, Bois du Cazier, pale Marcinelle. Tarehe 8 mwezi wa 8, 1956, chini kwenye metre 975, wagoni iliingia vibaya ndani ya kaje. Watu wa chini na wa juu hawakusikilizana vizuri, kaje ikapanda, wagoni ikakata nyaya za umeme na mpira wa mafuta. Moto ukawaka. Watu 262 walikufa, na 136 kati yao walikuwa Waitalia, maskini waliokuja kwa mapatano ya 1946: Italia inatoa wafanyakazi, Ubelgiji inauza makaa. Kisha kifo hicho, mwaka 1957, nchi za makaa za Ulaya ziliweka chombo cha kudumu cha kuangalia usalama wa migodi. Leo pale ni nyumba ya kumbukumbu. Na karibu na Liège, pale Blegny, mgodi uliofungwa 1980, mgeni bado anashushwa chini kwa kaje.

Sisi wa mashimo ya Wamaza tunajua udongo unavyoanguka wakati wa mvua. Mtoto anayesoma mambo ya mawe akienda pale siku ya posho, anasoma bado, na anatusomea na sisi.

Baba alimpigia simu mbele yetu. Binti akalia kidogo, akasema alisafiri kwa bisi ya usiku kisha kumaliza kufagia, na labo zote amezirudisha. Tulikubaliana hivi: mwezi wa 2 atatuma matokeo ya mitihani mbele ya foto yoyote, na kisha mitihani atakwenda Marcinelle. Feza ya chumba ilitumwa juma hilo hilo. Mzee mmoja wa shimo, yule aliyesema maneno makali kupita wote, akaomba telefone dakika moja. Alisema: "Mwanangu, ukifika kule uangalie vizuri namna walikuwa banatia miti kwa shimo. Utuletee foto ya ile."