Njia ya asili ya uzazi wa mpango yahitaji hesabu, si kubahatisha

WAVUVI wa dagaa katika Ziwa Tanganyika huvua kwa taa usiku wa giza, na wengi wao hupumzika nchi kavu mbalamwezi inapokuwa kali. Kwa familia za wavuvi wa Kigoma, Ujiji na maeneo jirani kama Mwandiga, siku za mume kulala nyumbani hutegemea mwezi. Mzunguko wa hedhi wa mke haufuati mwezi huo, na hapo ndipo njia ya asili ya uzazi wa mpango inapohitaji umakini.

Njia hiyo, ambayo pia hukubaliwa na Kanisa Katoliki, humtaka mwanamke atambue siku anazoweza kushika mimba, na wanandoa waepuke kujamiiana siku hizo.

Yai likishatoka kwenye ovari huishi kwa muda usiozidi saa 24. Mbegu za mwanamume zinaweza kukaa hai mwilini mwa mwanamke hadi siku tano. Kwa hiyo, tendo lililofanyika siku kadhaa kabla ya yai kutoka laweza kusababisha mimba.

Wengi hudhani siku ya hatari ni ya 14 kwa kila mwanamke. Ukweli ni kwamba yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Mwenye mzunguko wa siku 28 hulitoa karibu na siku ya 14, lakini mwenye mzunguko wa siku 32 hulitoa karibu na siku ya 18.

Ili kurahisisha hesabu, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, walibuni njia inayomfaa mwanamke ambaye mzunguko wake ni wa siku 26 hadi 32. Huhesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi, kisha wanandoa huepuka kujamiiana kuanzia siku ya 8 hadi ya 19. Wapo wanaotumia shanga 32 za rangi tofauti, wakisogeza kipete cha mpira kwenye ushanga mmoja kila siku.

Katika wanawake 100 wanaoifuata barabara kwa mwaka mmoja, takriban watano hushika mimba. Katika matumizi ya kawaida, hufikia 12.

Njia hii haimfai mwanamke ambaye mzunguko wake hubadilika mara kwa mara, wala aliyejifungua karibuni na ambaye hedhi yake haijarejea katika utaratibu wake. Aidha, haikingi Virusi vya Ukimwi na magonjwa mengine ya zinaa.

Zaidi ya yote, hesabu ya mke haifui dafu iwapo mume aliyerejea kutoka ziwani hakubali kusubiri. Wanandoa ambao hawawezi kukubaliana kuhusu siku hizo 12 wanashauriwa kufika pamoja kituo cha afya ili wachague njia nyingine.